Kiti cha Kushoto

Kuna video yangu inayozunguka kwenye simu za watu wa Lindi. Mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha, ameziba mdomo kwa kiganja asije akanichekea usoni. Bibi mnene amekaa chini, ndani ya gari bovu lililoinuliwa juu ya mawe, magoti yamemkaribia kidevu, kanga imemteleza kichwani, anawapigia kelele waombolezaji: "Sitoki! Nipeni changu nitoke!" Waombolezaji wanacheka mpaka wengine wanashikilia nguzo za turubai. Chini ya video mtu ameandika kwamba watani wa kusini hawana dogo, na wengine wameweka zile nyuso za manjano zinazotoa machozi kwa kicheko. Nimeitazama mara nyingi. Kila mara nautafuta uso wangu mwenyewe, nione kama palikuwa na alama yoyote ambayo mtu mwenye macho angeweza kuiona. Ipo, tena wazi. Bibi yule analia. Lakini kwenye msiba mtani akilia watu hucheka zaidi, kwa hiyo walicheka.

Msiba wenyewe ulikuwa wa Chande. Ukoo wake, Wamakonde walioshuka kutoka uwanda wa juu wakahamia Lindi, na ukoo wetu wa Kimwera ni watani tangu mababu. Asiye wa kwetu aelewe hivi: mtani wako hukutukana mbele ya wakwe, hukufunulia chungu akala mboga yako, na ukifa huja kujilaza karibu na jeneza lako akazuia mazishi mpaka apewe chochote. Huna ruhusa ya kukasirika. Mimi nausifu utani, maana nimeona misiba isiyo na watani jinsi watu wanavyokaa kwenye mkeka wakaoza kwa huzuni. Ila una bei yake, na bei hiyo sikupata kusikia ikitajwa. Neno la mtani halibebwi. Analolisema linaishia hapohapo aliposimama, hata liwe nini.

Kijana wa Chande alinipigia simu asubuhi. "Shikamoo mama. Baba ametutoka. Wazee wamesema watani mjulishwe mapema, mje mfanye kazi yenu." Nikamjibu kama inavyopasa: "Marahaba. Afadhali! Nilidhani yule atatuzika sisi sote. Pikeni wali wa kutosha, tunakuja." Akacheka huku anavuta kamasi, akanishukuru. Nilipoiweka simu chini nilijikuta nimesimama katikati ya uwanja wangu hapa Milola na kandambili ya mguu mmoja, sijui ya pili nimeiacha wapi, wala sijui nilikuwa nakwenda wapi.

Sitaeleza nilitoka tumbo la nani wala nilifikaje Mitwero, pembezoni mwa Lindi, hayo hayasaidii. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri kuitwa chuo cha ualimu, na mama mdogo Zuhura akanipa chumba cha uani. Kilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku la bati na dirisha dogo la wavu. Kupitia dirisha lile niliisikia gereji ya jirani kabla sijaiona: nyundo, matusi, na redio iliyokamata stesheni kwa kupigwa kofi. Harufu ya oili iliingia jikoni kwetu ikachanganyika na ya tui la nazi, na mpaka leo nikipita penye gereji mate hunijaa, nikaikumbuka mbaazi ya mama mdogo. Gereji ilikuwa banda la makuti tu, nyuma ya nyumba ya mama yake Chande, na nyumba ile ndiyo hiyohiyo aliyokuja kufia.

Siku ya kwanza alikuja na mikono myeusi mpaka viwikoni. "Shikamoo mama," alimwamkia mama mdogo kwa adabu zote, kisha akanigeukia. "Huyu Mmwera umemwokota wapi? Mbona amekonda kama aliyesahauliwa porini?" Nikamjibu kwamba kwetu tunachagua chakula, hatuli panya kama wao. Alicheka kwa mwili mzima. Akaingia jikoni, akafunua chungu, akachomoa mnofu wa pweza, akaondoka nao akipuliza vidole. Hakuna aliyemkemea. Kuanzia siku hiyo hakuna mlo wa mchana tuliokula bila Chande kuja kuuibia, na kuanzia siku hiyo mama mdogo akawa anapika uzidi kidogo huku akilaani.

Chini ya banda lile lilikuwapo gari. Bwana mmoja aliyekuwa meneja wa shamba la mkonge aliliacha baada ya injini yake kukauka maji ikachemka mpaka ikapasuka, na Chande alipewa badala ya ujira wake wa miezi mingi. Lilikuwa la mbio, la zamani, jekundu lililoanza kufifia. Lilikuwa fupi kwa kimo hata mama mdogo aliweza kuweka ungo juu ya paa lake bila kuinua mkono, na boneti yake ndefu iliinama kwa mbele. Milango miwili, viti viwili, basi. "Gari la watu wasio na ndugu," mama mdogo alilihukumu. Lakini alipodhani hatumwoni niliwahi kumkuta akipapasa boneti ile kwa kiganja, taratibu, kama anayepima homa ya mtoto.

Gari lile ndilo lililokuwa maisha ya Chande mwaka ule. Fundi mmoja mwenye gereji kubwa Dar es Salaam alikuja Lindi kwenye arusi, akaletwa kuliona. Alilizunguka bila kusema, kisha akamwambia: "Kijana, lifikishe hili kwangu, litembee lenyewe, lisivutwe, na nafasi ya kazi unayo. Ila boneti hii usije ukaiharibu." Akaongeza kwamba nafasi yenyewe ingesubiri mpaka kabla ya masika tu. Siku zile daraja la Rufiji halijajengwa na mvua zikianza barabara ya Kilwa inafungwa, magari yanazama kwenye tope mpaka watu wanazaa njiani. Chande alikuwa hajawahi kufanya kazi chini ya paa la bati. Alituhadithia maneno ya yule bwana mara nyingi hata mama mdogo akawa anamkosoa akibadilisha neno.

Mimi niliingia kwa sababu ya hesabu. Niliwakuta yeye na wenzake wakipanga gharama kwenye ukuta wa udongo wa banda, kwa chaki, na jumla yao ilikuwa uongo mtupu. Nikachukua chaki. Ikawa kila Ijumaa, watu wakishatoka msikitini na kula, mimi na Chande tunakaa mbele ya ukuta ule tunalipangia gari injini. Hatukupanga kwa shilingi, maana shilingi ya wakati huo ilikuwa haitulii. Bei ya Ijumaa hii sio ya Ijumaa ijayo. Tulipanga kwa magunia ya korosho. Mikorosho ya mama yake ilikuwa na mavuno yake, yeye na wenzake walipalilia mashamba ya watu ili walipwe korosho, na kila kifaa tukakigeuza kuwa gunia, nusu gunia, debe.

Niliyojifunza kwenye ukuta ule nimewafundisha watoto wengi darasani bila kuwaambia yalikotoka. Mtu akitaka kuhamisha injini, kinachomtia wazimu ni injini, na injini ndiyo nafuu kuliko vyote. Ukishainunua inadai giaboksi yake, maana ya zamani haiikubali. Giaboksi inadai propela, ule mtaimbo wa kuzungusha magurudumu, ya urefu mwingine, ikatwe na kuungwa bila kupinda. Rejeta ya gari dogo haitoshi kuipoza injini ya gari la kazi. Injini nzito inalaza pua ya gari, kwa hiyo inadai springi. Chande alikuwa anapanga kama mtu anayeota, kila kitu kinaingia mahali pake chenyewe. "Mtani," nikamwambia Ijumaa moja, "umeweka spana, umeweka nyaya, umeweka rangi. Petroli ya kwenda Dar hukuweka. Au litavutwa na panya wenu?" Akanitazama, akatazama ukuta, akapiga paji la uso kwa mkono wenye grisi likabaki jeusi. Hakulifuta siku nzima, nami sikumwambia kwa kuwa nilipenda kulitazama.

Nilimpenda. Niandike hivyo tu, nimeshazeeka. Nilipenda alivyokuwa akinyamaza kabla ya kulegeza nati iliyoshika kutu, na alivyoila mbaazi kama aliyeikosa mwaka. Msichana wa siku zile hakuwa na mlango wa kusemea jambo hilo. Ungesubiri wenyewe waseme, na kama hawakusema ungeolewa na aliyesema. Mimi nilikuwa na mlango mkubwa ulio wazi, mlango wa utani, ningeweza kumwambia kijana yule chochote mbele ya yeyote. Ndiyo maana sikuharakisha. Nilidhani nina bahati.

Injini ilipatikana Kiranjeranje. Pikapu moja ilikuwa imeanguka bondeni, bodi imekunjamana lakini injini nzima, na mzee mwenye mali alikuwa tayari kuitoa pamoja na giaboksi yake. Kabla ya kwenda kuitazama, Chande alitaka vipimo vya nafasi iliyo chini ya boneti, na futi ya chuma hakuwa nayo. Nilikuwa nasuka mkeka. Nikamkatia ukili mrefu. Yeye akashika ncha moja, mimi nyingine, tukapima urefu, upana na kimo, na kila kipimo nikakifunga fundo lake. Tulipanda lori la chumvi asubuhi, tukakaa juu ya magunia. Tulifika tukiwa weupe nyusi na kope, na mzee yule alipotuona alicheka akasema hajawahi kupokea wageni waliokwisha kutiwa chumvi. Alitupa ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha na pilipili, tukala tumechuchumaa kando ya pikapu yake iliyokufa. Kisha tukaushusha ukili juu ya injini. Urefu sawa. Upana sawa. Kimo kikazidi fundo kwa vidole vinne.

Chande alipima tena, akapima tena. Njia nzima ya kurudi aliuzungusha ukili ule kwenye mkono wake, hakunitania hata mara moja, na chumvi ilipomwingia machoni hakujipangusa. Nilitaka sana kumshika mkono. Niliishia kumwambia kwamba Mmakonde akifikiri sana kichwa hutoa moshi. Alitabasamu kwa ajili yangu tu.

Ijumaa iliyofuata alikuwa amepata jibu. Alikaa kwenye kiti cha dereva, mimi nikakaa cha kushoto, kiti changu cha siku zote tulipochoka kusimama. Kilikuwa cha ngozi nyeusi, kimebonyea katikati, na joto la mchana lilikifanya kinukie kama viatu vipya.

"Kuna njia mbili," alisema. "Nikate boneti, nitoe tundu, kichwa cha injini kichomoze nje. Au niirudishe injini nyuma, hapa boneti inapopanda juu. Inapata kimo chake, na boneti haiguswi."

"Nyuma wapi? Nyuma kuna ukuta wa chuma."

"Nitaukata. Injini itaingia kidogo huku ndani, giaboksi ipite hapa, na ekzosi ipite hapo." Akaonyesha miguu yangu.

"Hapa nimekaa mimi, mtani."

"Ndiyo. Kiti hicho kitatoka."

"Na mimi nitakaa wapi?"

"Wewe? Juu ya paa, pamoja na kuku."

Nilicheka, kisha nikashuka nikaenda ukutani na chaki kwa kuwa sikutaka auone uso wangu. Kukata boneti na kuijengea nundu nzuri, isiyoleta aibu, kulihitaji fundi wa bati wa Mtwara. Kulizidi kwa magunia mawili. Kukata ukuta wa ndani angeweza mwenyewe, kwa tindo na nyundo. Magunia mawili hayakuwapo. Nilijua yalipo, hata hivyo. Nilikuwa na magunia yangu mawili chini ya kitanda cha mama mdogo, ya nauli na mahitaji ya chuo.

Nikageuka. "Chande," nikasema.

Mwaka mzima sikuwahi kumwita jina. Aliinua kichwa.

"Kata boneti. Magunia mawili natoa mimi. Kiti kiache. Chuo siendi, nataka kwenda na wewe. Nataka unioe, Chande."

Redio ilikuwa ikikwaruza. Alinitazama kwa muda, na ninaapa kwamba katika muda ule alikuwa ameelewa. Kisha kile tulichozaliwa nacho wote wawili kikampanda usoni, akapasuka kicheko. "Mwe! Mama! Mama njoo! Mmwera ananiposa kwa korosho!" Mama mdogo akatoka jikoni na mwiko mkononi, akapiga kigelegele kikavuka mitaa, akasema mahari ya mwanaume wa Kimakonde ni gunia moja tu, la pili nimwachie yeye. Wenzake kwenye banda wakapiga makopo. Na mimi nikacheka. Kila mtu alikuwa anacheka, ningefanya nini?

Jioni ile sikula, nikasema tumbo. Nilijilaza kwenye kitanda cha kamba, na nje ya pazia, barazani, Chande na mama mdogo walikuwa wanakula ugali wa muhogo kwa kisamvu. Nilisikia vidole vyao kwenye sahani ya bati. Baadaye vya Chande vikanyamaza.

"Mama, hivi mtani akisema neno la kweli, mtu atajuaje?"

"Atajuaje? Hajui. La mtani halibebwi, mwanangu. Ukilibeba kesho atakucheka yeye na ukoo wake wote, mpaka siku ya kaburi lako."

"Hata akikuita jina?"

"Hata akilia. Kula, ugali unapoa."

Baina yangu na wao palikuwa na pazia la kitenge. Niliinuka, nikasimama nyuma yake, nikaona nuru ya kibatari ikipenya kwenye maua yake. Ningetoka nikasema nini? Neno gani lililobaki ambalo mtani haruhusiwi kulisema? Ningeapa, wangecheka. Ningelia, mama mdogo alikwisha kulitolea jibu hata hilo. Mama mdogo hakuwa na ubaya, Mungu amrehemu. Aliulizwa swali la desturi akajibu la desturi, na kama angejua angelinibeba mgongoni mpaka kwa shehe. Nilirudi kitandani nikaweka uso kwenye ukuta. Siku chache baadaye Chande alipita dirishani kwangu akiwa amebeba betri, akasimama. "Mtani, ile posa yako bado ipo?" aliuliza, akiitazama betri. Nikamtafuta usoni kama anauliza kweli au ananirudia kunicheka, nisijue. Nikasema nimeshampa fundi cherehani. Akacheka, akaendelea na safari yake.

Injini ilishushwa kutoka lori la chumvi, wakaitundika kwa mnyororo kwenye boriti, na banda zima likalalamika. Chande alikata ukuta wa chuma kwa tindo kwa siku nyingi. Nilimsikia kutoka dirishani, na kila pigo lilinifika. Siku aliyokitoa kiti, alilegeza nati zake zote nne, akakiinua kwa mikono miwili, akasimama nacho kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa watu. Akakiegemeza kwenye ukuta wa nyumba ya mama yake. "Mtani, kiti chako nakiacha kwa mama," alisema. "Watagie kuku," nikajibu. Hesabu yetu ya chaki ilikuwa imetimia, halikuzidi hata debe moja. Ni mpango bora niliowahi kuupanga maishani mwangu, na kila gunia lililokaa mahali pake lilikuwa linamwondoa.

Siku ilipowaka mara ya kwanza, sauti ilikuwa nzito, ya gari la mizigo, ikatoka kwenye kile kigari cha kifahari, na watoto walikimbia. Mama mdogo alipiga vigelegele. Mama yake alimwaga maji mbele ya gurudumu na kusoma dua. Chande aliingia, akafunga mlango, na palikuwa pamejaa: yeye, usukani, na chuma kikubwa kilichofunikwa kwa gunia lililoloweshwa kupunguza joto, pale nilipokuwa nakaa. Hata kikapu cha chakula alichofungiwa alikipakata. Aliniangalia, akainua macho kwenye paa, ambapo hapakuwa na kuku wala mimi, akataka kusema kitu. Nilimwahi. Nilimwambia aende salama, na kwamba Dar es Salaam hakuna panya wazuri. Wote walicheka. Gari likashika barabara ya Kilwa, boneti yake ikimeta haina hata mkwaruzo, na wiki ileile mvua ikaanza, ikafunga njia.

Alipata kazi. Akaoa hukohuko. Mimi chuo kiliniita, nikafundisha hesabu Milola mpaka nikastaafu, nikaolewa na mtu mwema, nikamzalia na nikamzika. Sina la kulalamikia kwa Mungu. Chande aliporudi uzeeni tulikuwa tukikutana sokoni Lindi na misibani. Alikuwa akinifungulia kikapu anachukua anachotaka, nami namwuliza mbona bado hajafa, na akina mama wauza samaki wakawa wanatungoja tufike ili wacheke. Nyumbani kwake sikuwahi kukanyaga. Nilikuwa nasema miguu inauma.

Basi nilifika pale Mitwero siku ya msiba na watani wenzangu, wengi wao vijana ambao utani kwao ni kitu cha kurekodi. Nilifanya yote yanayotakiwa. Nilipokea wageni kwa matusi, nikavaa kofia ya marehemu, nikawaambia wanawe kwamba baba yao ameondoka na mwiko wetu. Watu walipata nafuu, niliona mabega yao yakishuka. Kisha nikazunguka nyuma kwenda kutafuta maji, na lile gari, alilorudi nalo kutoka Dar, lilikuwa pale penye lile banda la zamani, juu ya mawe. Boneti ilikuwa safi. Alikuwa akiing'arisha mpaka mwisho, waliniambia. Nilivuta mlango wa kushoto, ukafunguka. Sakafu, kutu, na ile nundu ya chuma. Sikuwa nimepanga. Miguu iliingia, nikainama, nikakaa chini kwenye chuma baridi, magoti yakanifika kidevuni kwa kuwa nafasi ilikuwa finyu kama nilivyoikadiria kwa ukili. Nikaanza kulia kwa sauti, na sauti ilipowafikia watu ilikuwa imekwisha kuwa kichekesho.

"Mtani katwaa gari!" mtu alipiga kelele, wakaja wote na simu zao, nami nikawapigia kelele kwamba sitoki mpaka nipewe changu. Mjane wake, Mama Salma, alikuja mwenyewe, amefunga kanga kifuani, macho yamevimba. Ni yeye anayepaswa kumgomboa mtani. "Haya mtani," alisema kwa sauti ya desturi, "unadai nini utoke?"

"Nadai kiti changu," nikasema. "Hapa palikuwa na kiti changu."

Video inaishia hapo, kwenye kile kicheko kikubwa. Yule kijana aliyekuwa akirekodi aliona kilele kimefika, akazima. Kwa hiyo walioitazama hawakuona Mama Salma alivyoacha kucheka kabla ya wengine, wala hawakumsikia akimwambia mwanawe, "Nenda sebuleni, kalete kile kiti."

Kijana alikileta amekikumbatia. Ngozi ilikuwa imepasuka ikashonwa kwa turubai, ikapasuka ikashonwa tena. Chini Chande alikuwa amekichomelea miguu minne ya chuma ili kiweze kusimama nyumbani. Mahali pa katikati palikuwa pamebonyea kama zamani.

"Chukua, mtani, utuondolee balaa," Mama Salma alisema, kwa watu wote, akijaribu kuirudisha sauti ya mzaha. "Tangu nije katika nyumba hii hicho kiti hakina ruhusa ya kukaliwa. Akija shehe, anainuliwa. Mimi mwenyewe nina mimba ya huyu, tumekuja kumsalimia mama yake, niliinuliwa. 'Hicho cha mtani wangu,' anasema, 'siku moja atakuja kukidai.' Sisi tulikuwa tunacheka tu."

Wakacheka tena. Mtani akishalipwa hana haki ya kubaki, kwa hiyo nilishika mlango, nikatoka, na mtu akanisaidia kusimama. Mama Salma alinitazama muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika. Kisha akaniwekea kanga yangu vizuri kichwani, kwa mikono yake miwili, akarudi ndani kwa wafiwa.

Nilikipakia kwenye pikipiki ya magurudumu matatu nikaja nacho Milola. Kipo chumbani, kinatazama mlango. Jana mjukuu wangu, huyu wa video, aliingia kutafuta chaja akataka kujitupa juu yake, nikamshika mkono nikamwinua.

"Kwani cha nani, bibi?"

Nikamwambia ni cha mtani wangu. Akacheka.